Niliionja wiski inayotafutwa kwa tochi: je, inastahili bei yake?



Leo naongelea pombe kali, ila usikimbie. Kama hunywi, au dini yako hairuhusu, soma tu. Ukiondoa neno wiski ukaweka viatu, simu, vitenge au mchele, somo ni lile lile. Kitu kikiwa adimu, ndo kizuri? Na wewe mwenye mtaji wa kuunga unga ufanye nini ukipigiwa simu kwamba kuna mzigo adimu, wahi kabla haujaisha?

Mimi nina grosari Kihonda, Morogoro. Si kubwa. Friji mbili, rafu moja ya vinywaji vikali, viti vya plastiki nje. Mwaka jana mdogo wangu anayeishi Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, alinikatia tiketi niende kwenye ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Kabla hata sijapanga nguo alishanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. "Kaka, huku kuna dili."

Dili lenyewe lilikuwa hivi. Mwenzake wa kazini ana chupa sita za bourbon inayoitwa Weller, ile ya miaka 12. Dukani bei yake ni kama dola 40, ila ndo hivyo, dukani haipo. Jamaa anaziuza dola 250 kila moja. Zote sita ni dola 1,500. Mdogo wangu alikuwa na uhakika kwamba nikizifikisha Dar, watu wa Masaki watazinyakua kwa dola 400 kila moja.

Dola 1,500 ni kama milioni nne za kwetu. Hela nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya friji ya tatu na mzigo wa Desemba. Na sehemu yake ilikuwa mkopo wa kikoba cha mke wangu. Mama Neema aliponisindikiza stendi aliniambia sentensi moja tu: "Baba Neema, hiyo hela ina majina ya watu."

Nilisafiri na hiyo sentensi mpaka Kentucky.

BOURBON NI KITU GANI?

Bourbon ni wiski ya Marekani inayotokana na mahindi. Sheria yao iko wazi. Nafaka inayopikwa lazima angalau asilimia 51 iwe mahindi. Baada ya kukenekwa, pombe inawekwa kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikafanya mkaa, na kwa kawaida hicho chombo ni pipa. Hairuhusiwi kuongeza rangi wala ladha. Ikiingia chupani lazima iwe na kilevi cha asilimia 40 au zaidi. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha azimio kwamba bourbon ni bidhaa ya pekee ya nchi yao.

Ule wekundu wa kahawia unaouona kwenye chupa haukuwepo mwanzo. Pombe inaingia kwenye pipa ikiwa nyeupe kama maji. Rangi, harufu ya vanila na utamu wa sukari iliyoungua vinatoka kwenye mbao. Kiangazi cha Kentucky ni cha joto kali, pombe inapanuka na kuingia ndani ya ubao. Baridi ikija inarudi. Inaingia na kutoka hivyo miaka na miaka.

Na kwa kuwa sheria inataka pipa jipya kila mara, pipa likishatumika hawawezi kulirudia kwa bourbon. Hawalitupi. Wanaliuza, na mengi yanaenda Scotland kuhifadhia wiski yao. Hapo jiulize: dukani kwako unatupa nini ambacho mwingine angekinunua?

KWA NINI WELLER HAIPATIKANI?

Sababu ya kwanza ni muda. Chupa ya miaka 12 unayoitafuta leo ilipikwa miaka 12 iliyopita. Wakati huo mwenye kiwanda hakujua wewe utaitaka. Wateja wakiongezeka ghafla mwaka huu, hawezi kupika zaidi leo akauza kesho. Akipika leo, ni ya miaka 12 ijayo.

Sababu ya pili ni kwamba pombe inapungua ndani ya pipa. Pipa moja ni kama lita 200, na kila mwaka kiasi fulani kinapotea hewani kupitia mbao. Wenyewe wanaliita hilo fungu la malaika. Ikikaa miaka mingi, malaika wanakunywa sana.

Sababu ya tatu ndo inayotuhusu sisi wafanyabiashara: ukoo. Weller inatoka kiwanda cha Buffalo Trace, mji wa Frankfort, Kentucky. Kiwanda hicho hicho ndo kinachopika Pappy Van Winkle, bourbon ambayo watu wanaitafuta kama dhahabu. Mzee mwenyewe, Julian Van Winkle, alianza mwaka 1893 kama muuzaji wa kuzunguka na bidhaa za kampuni ya W. L. Weller & Sons. Yaani alikuwa machinga wa daraja la juu kabla jina lake halijawa lebo. Weller na Pappy zote zinatumia ngano pale ambapo bourbon nyingi zinatumia nafaka inayoitwa rai. Ngano inafanya ladha iwe laini zaidi.

Basi watu waliposhindwa kuipata Pappy wakasema, tununue Weller, ni ndugu yake. Weller ya miaka 12 ikabatizwa Pappy ya maskini. Maskini wakawa wengi, nayo ikapotea madukani. Sasa hivi maduka mengi kule yanapata chupa chache mno, na baadhi yanachezesha bahati nasibu. Ukishinda hupewa bure, unapewa nafasi ya kununua kwa bei ya kawaida.

Usifikiri ni utani. Mwaka 2013 ilibainika kwamba zaidi ya chupa 200 za Van Winkle zimeibwa kutoka kiwandani. Mwaka 2023, kule jimbo la Oregon, viongozi wa mamlaka ya pombe walibainika kujitengea chupa adimu, Pappy zikiwemo, wakati mwananchi wa kawaida anahangaika. Walizilipia, lakini waliruka foleni. Ukiona watu wazima wenye vyeo wanafanya hivyo kwa ajili ya chupa, ujue kinachouzwa hapo kimeshapita kinywaji.

TULIVYOIONJA

Bahati nzuri mdogo wangu alikuwa ameshinda bahati nasibu ya duka moja, akanunua Weller moja kwa dola 40 na kitu. Alitaka tuifungue siku ya ubatizo, watu wapige picha. Nikamwambia hapana. Kama nitaweka milioni nne kwenye hiki kitu, nataka nikionje bila macho.

Akanuna kidogo. Kumbe alikuwa ameshamwambia mwenzake kwamba kaka anakuja na hela.

Tukanunua chupa nyingine mbili ambazo zinapatikana kirahisi, kila moja karibu dola 30. Ya kwanza Maker's Mark, ambayo nayo inatumia ngano. Ya pili Buffalo Trace yenyewe, ambayo inatumia rai. Nilichagua hizo kwa sababu zote tatu, pamoja na Weller, zina kilevi cha asilimia 45. Ukishindanisha yenye 40 na yenye 50, ulimi unadanganyika na ukali.

Shemeji ndo alikuwa msimamizi. Alimimina jikoni sisi tukiwa sebuleni, kila glasi kama vijiko viwili vikubwa. Chini ya kila glasi alibandika karatasi ya namba, jibu akaliandika kwenye simu yake. Mezani maji ya kunywa na mkate mkavu. Pilau tulikataza mpaka tumalize, na mdogo wangu aliambiwa akanawe manukato.

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu, na jirani yake Mkongomani wa kutoka Bukavu. Lexington kuna Wakongomani wengi, Kiswahili unakisikia mpaka supamaketi.

Namna ya kuonja ni hii. Nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo kilevi kinakuchoma pua na husikii kitu kingine. Kunywa tone dogo, lizungushe mdomoni, halafu meza. La kwanza usilihukumu, linaamsha ulimi tu. Hukumu la pili. Kisha ongeza matone machache ya maji unuse tena, harufu zinafunguka. Andika kabla hujasikia mwenzako anasema nini. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, maana mmoja akisema "aisee, namba mbili!", wote mnaanza kuionja namba mbili.

MAJIBU

Mimi nilichagua namba mbili. Ilikuwa na harufu ya vanila na mbao kavu, kama kufungua sanduku la bibi. Mdomoni laini, ina utamu wa sukari guru, na ladha ilikaa muda mrefu baada ya kumeza. Mdogo wangu alichagua namba tatu, akasema ina pilipili kidogo, imechangamka. Jirani akachagua namba moja, akapiga meza: "Hii njo ya bei, mi najua!"

Shemeji akasoma simu. Namba moja, Maker's Mark. Namba mbili, Weller. Namba tatu, Buffalo Trace.

Nikajisikia mtaalamu. Moyoni nikasema, basi, ulimi wangu umethibitisha, hela nitoe. Mdogo wangu alichukua glasi ya Weller, akanywa tena huku anaijua, akasema: "Kweli bwana, sasa naisikia." Kinywaji kilikuwa kile kile alichokuwa nacho dakika tano zilizopita. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa ameambiwa jina.

Hapo ndo nikaomba turudie kesho yake, namba zikiwa zimebadilishwa.

Kesho yake mimi nikachagua Buffalo Trace. Weller nikaiweka ya pili. Mdogo wangu akachagua Weller bila kujua. Jirani akarudi kwenye Maker's Mark ile ile, akasema yeye anapenda laini tu na bei haimhusu.

Niseme haki ya Mungu: Weller haikushika mkia kwa mtu yeyote, siku zote mbili. Ni kinywaji kizuri kweli. Kimetulia, na miaka 12 kwenye pipa unaisikia. Lakini tofauti yake na chupa ya dola 30 ilikuwa ndogo kiasi kwamba mimi mwenyewe, mwenye milioni nne mkononi, sikuweza kuishika siku mbili mfululizo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukiikuta kwa dola 40, chukua, inastahili na zaidi. Kwa dola 250 unalipia dola 40 za kinywaji na dola 210 za maneno ya watu.

HESABU NILIYOPIGA USIKU ULE

Maneno ya watu nayo yanauzika, si ndiyo? Mfanyabiashara hauzi ladha tu. Kwa hiyo sikuishia kwenye ulimi, nilichukua daftari.

Chupa sita nikiuza zote dola 400, faida ni dola 900, kama milioni mbili na laki nne. Inavutia. Lakini mteja wa chupa ya milioni na ushee simjui kwa jina. Wateja wangu wa Kihonda wananunua Konyagi ndogo na bia. Inawezekana chupa sita zingekaa miezi sita au mwaka.

Milioni nne ile ile kwenye mzigo unaotembea, kwangu inazunguka kila wiki mbili, na faida yangu ni kama asilimia 8. Hiyo ni laki tatu na ishirini kila mzunguko. Miezi sita ni mizunguko 13, yaani milioni nne na laki moja na sitini, kabla ya umeme na matumizi mengine. Haina picha ya kupost, ila inalipa marejesho ya kikoba kila Ijumaa.

Kuna la sheria pia. Kule Kentucky mtu binafsi asiye na leseni haruhusiwi kuuza pombe. Yule jamaa hakuwa na leseni, kwa hiyo hata risiti nisingepata. Na kuingia nchini, msafiri wa Afrika Mashariki anaruhusiwa lita moja tu ya pombe kali bila ushuru, na hiyo ni ya matumizi yake. Ya biashara ina kodi, vibali, na stempu ya kielektroniki ya TRA. Chupa isiyo na stempu kwenye rafu yako ni kesi inayosubiri tarehe. Sisi tunaokumbuka viroba vilivyopigwa marufuku Machi 2017, wengine wakabaki na maboksi ndani, tunajua mzigo wenye shida na serikali unavyolala.

La mwisho, uhakika wa bidhaa. Chupa adimu zinaghushiwa. Kuna watu wananunua chupa tupu, wanajaza pombe rahisi, wanafunga upya. Kama mimi mwenyewe nimeshindwa kuitofautisha siku ya pili, mteja wangu angejuaje? Na siku akijua, angemlaumu nani?

SOMO KWA MWENYE DUKA

1. Uhaba na ubora ni vitu viwili. Uhaba unatokana na idadi, ubora unatokana na kazi. Vinaweza kukaa pamoja, kama kwenye Weller, lakini usivilipie kama kitu kimoja.

2. Onja bila macho. Unauza mchele? Pika wa Kyela na mwingine wa bei nafuu, mtu mwingine agawe sahani, wewe usijue. Unauza mafuta ya nywele, unga, sabuni? Fanya hivyo hivyo. Rudia siku ya pili. Utajua unalipia nini hasa kwa msambazaji wako.

3. Kabla hujanunua kitu adimu, taja majina ya watu watatu watakaokinunua. Majina, si "watu wa Masaki". Ukikosa majina, huna soko, una matumaini.

4. Hadithi inauza, lakini iwe ya kweli. Bourbon ya Blanton's ilipoingia sokoni mwaka 1984 ilikuja na wazo la kuuza kila pipa peke yake bila kuchanganya. Leo vizibo vyake vina farasi na mpanda farasi, viko vya aina nane, kila kimoja na herufi, na watu wanavikusanya mpaka litimie jina la Blanton's. Maker's Mark ina nta nyekundu shingoni, wazo la Margie Samuels, mke wa mwenye kiwanda. Kizibo na nta ni vitu vidogo, ila mteja anavikumbuka. Wewe una nini kwenye mfuko wako wa karanga?

5. Bidhaa ikipungua, usichakachue. Februari 2013 Maker's Mark walitangaza kwamba watashusha kilevi kutoka asilimia 45 hadi 42 ili mzigo utoshe. Wateja walikasirika, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma. Wao walitangaza wazi na bado wakapigwa. Wewe unayeongeza maji kimya kimya kwenye juisi, unafikiri mteja haonji?

ILIVYOISHA

Nilimwambia mdogo wangu hapana. Hakufurahi, alishaahidi kwa niaba yangu. Tulikaa siku moja nzima tunaongea kwa kifupi kifupi, mpaka shemeji akatuwekea mtoto katikati yetu.

Sitakuficha: yule jamaa aliziuza zote sita ndani ya wiki mbili, kulekule Kentucky, kwa bei ile ile aliyoitaka. Mdogo wangu alinitumia taarifa na kicheko. Nimeifikiria sana. Angeweza kuziuza kwa sababu pale anapoishi wanunuzi wako mtaa wa pili. Mimi wanunuzi wangu wako Kihonda, na wanataka bia ya baridi. Friji ya tatu ilifungwa Novemba, na marejesho ya kikoba hatukuchelewesha hata wiki moja.

Ile Weller yetu tuliimaliza siku ya ubatizo, na picha zikapigwa kama alivyotaka. Usiku wakati tunaosha vyombo, mdogo wangu akaniambia kuna mtu mtandaoni ananunua chupa tupu kwa hela nzuri. Tukaangaliana. Akachukua kisu, akaikwangua lebo yote, akaitupa.